Chupa Zilizooshwa kwa Majivu

Mzizi mwembamba ulio hai, ukiuvuta polepole kati ya vidole viwili, hunyumbuka kidogo kabla ya kukatika. Uliokufa hukatika papo hapo, kama uzi uliooza. Jambo hili sikulijifunza darasani. Nilijifunza nikiwa nimepiga magoti kwenye matope, juu ya mashamba ya njia ya Matombo, katika kazi niliyokaribia kuiharibu na ambayo mpaka leo naishukuru.

Nilipomaliza shahada ya misitu nilikaa kwa dada yangu, Mwembesongo, karibu mwaka mzima. Nilituma barua za maombi ya kazi, kisha nikazisoma upya baada ya kuzituma, nikitafuta makosa ambayo nisingeweza tena kuyasahihisha. Dada yangu alisema mimi ndiye mtu pekee anayemjua anayeweza kuumwa tumbo kwa sababu ya nukta. Ndipo mmoja wa walimu wangu wa chuo akanipigia simu. Alikuwa na kazi ya miezi mitatu, msimu wa vuli, na huenda ikaendelea hadi masika kama mambo yangekwenda vizuri.

"Ni kazi ya kubeba chupa," alisema. "Usije ukadhani nimekuita profesa."

Nilishukuru, nikakata simu, kisha nikaitafakari sentensi hiyo kwa siku mbili.

Alichotaka kujua kilikuwa hivi. Mvua ya upande ule wa Uluguru hutoka pwani. Kabla ya kutufikia imepita juu ya jiji na barabara kuu, imebeba moshi wa magari na viwanda. Ikifika milimani inakuta majani ya miti yamekwisha kutuliwa na moshi mwingine wa karibu, wa mashamba yaliyochomwa na matanuri ya matofali. Vyote huteremka na maji, jani hadi jani, mpaka chini. Maji yakiwa machachu, udongo nao huchachuka mwaka hadi mwaka, na mizizi myembamba, ile inayounywea mti maji na chakula, ndiyo huumia kwanza. Mti unaweza kusimama na majani yake mabichi, mtu akapita akausifia, kumbe chini umeshaanza kupungukiwa.

Tulichagua sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa ukingoni mwa msitu, juu kidogo ya mashamba. Ya pili ilikuwa ndani, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Kila sehemu tulitega chupa sita chini ya miti, kila moja na faneli yake na wavu wa kuzuia majani. Kazi yangu ilikuwa kwenda kila wiki, kutoa chupa zilizojaa, kutega safi, kuchimba mizizi kidogo, na kurudisha vyote maabara. Ijumaa mchana nilipanda gari hadi Mkuyuni, nikapanda bodaboda, halafu nikamalizia kwa miguu na kiroba cha chupa mgongoni. Nililala kwa mama mmoja ambaye nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya msitu.

Kwa Waluguru ardhi hupita upande wa mama. Nyumba ile, migomba yake, na midalasini iliyoteremka mpaka kijitoni, vyote alivirithi kwa mama yake. Kaka yake, ambaye kama watoto wa nyumba ile nami nilimwita mjomba, alikuwa ndiye msemaji wa ukoo na ndiye aliyenipeleka msituni. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo mara tatu kwa sababu sikuwa na hakika kama alinisikia. Mara ya tatu akasema, "Marahaba, marahaba, na hiyo nyingine nitakuwekea ya kesho."

Mama huyo alinipokea bila maswali mengi. Alinipa chumba chenye kitanda cha kamba, akanipikia ndizi na mlenda. Nilipotaka kusaidia kuosha vyombo alininyang'anya sufuria. "Wewe kazi yako ni mvua," alisema. "Hii yangu."

Majibu ya maji yalianza kunisumbua wiki ya pili. Kipimo cha maabara kilipaswa kuegemea upande wa uchachu, hata kama ni kidogo. Kiliegemea upande wa pili, upande wa magadi. Chupa zote kumi na mbili. Nilirudia mara tatu. Nilinawa mikono nikarudia, nikahofia sabuni niliyonawia, nikanawa upya kwa maji matupu. Nilikishuku kiroba, nikamuuliza dada yangu kama kimewahi kubeba chokaa. Alisema kimebeba mchele tu, kama hilo nalo si kosa.

Nilipompelekea mwalimu wangu karatasi ya majibu nilitarajia aniambie kazi imeisha. Badala yake alisogeza kiti.

"Majivu," alisema. "Unaona? Mashamba yamechomwa kabla ya mvua. Majivu yametua kwenye majani, sasa mvua inayateremsha, na majivu yanafuta uchachu. Hili sikulitegemea kabisa."

Sijawahi kumwona mtu akifurahi vile kwa ajili ya karatasi yangu. Mwisho wa mwezi alikuwa na kikao na watafiti wenzake, akasema atalisema hapo, na kwamba ataomba mimi niendelee mpaka masika. Nilitoka ofisini nikitembea kama mtu aliyebeba yai.

Lakini mimi si mtu wa kuacha jambo likae. Kama ni majivu ya kwenye majani, mbona mvua ya wiki ya tatu na ya nne haikuyapunguza? Jani huoshwa mara ngapi kabla halijatakata? Halafu kulikuwa na mizizi. Mizizi ya ndani ya msitu ilikuwa mingi, yenye ncha nyeupe, iliyong'ang'ania udongo kama haitaki kuondoka. Ya ukingoni ilikuwa michache, ya kahawia, butu, na ilikatika nikiigusa. Maji yalisema udongo umepata dawa, mizizi ilisema unaumwa. Nilimweleza mwalimu hayo kwa sauti ndogo. Alisema tusubiri wiki nyingine.

Wiki hiyo nyingine, Jumamosi asubuhi, nilisahau taulo. Nilikuwa naelekea bafuni nyuma ya nyumba, jua limeshatoka, nikageuka kuifuata. Pembeni ya jiko nikamkuta mama ameketi kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, na chupa zangu zote kumi na mbili zimepangwa mbele yake juu ya jani la mgomba. Mkononi alikuwa na moja. Alitia humo kiganja cha majivu yaliyochekechwa na mchanga kidogo, akamimina maji, akaziba kwa kidole gumba, akaitikisa kwa nguvu.

"Mama, unafanya nini?"

"Nasuka nywele," alisema bila kugeuka. "Huoni?"

"Unaziosha kila wiki?"

"Tangu ya kwanza. Mtoto wa chuo mzima unatembea na chupa zina utando kama za mafuta ya taa. Nikasema, huyu kwao hawana majivu." Alimwaga maji ya kijivu, akasuuza mara moja, akaiinua chupa juani aitazame. "Mgeni wangu hapandi mlimani na vyombo vichafu. Watu wakikutana naye watasema ametoka kwa nani?"

Zile chupa hazikuwa chafu. Zilikuwa kuukuu, plastiki yake imechakaa, lakini nilikuwa nimezisuuza kwa maji maalumu ya maabara, chupa moja moja, nikihesabu. Nami kila Jumamosi nilipokuwa naoga na kunywa chai, mama huyu alikuwa anazikwangua kwa majivu, anazikausha, na kuzirudisha kwenye kiroba kwa mpangilio uleule niliouacha. Ugunduzi wa mwalimu wangu ulikuwa umetoka kwenye mafiga ya mama.

Nilisema, "Asante, mama."

Ndiyo yote niliyoweza. Nikachukua kiroba, nikapanda mlima nikijua kabisa kwamba nakwenda kutega chupa zisizo na maana yoyote, nikazitega zote kumi na mbili. Mjomba alinitazama nikifunga faneli.

"Leo umemeza nini?"

"Sijameza kitu, mjomba."

"Basi kiteme," alisema, akaendelea kukata kamba.

Njia nzima ya kurudi nilizipanga hoja. Nikinyamaza, kazi ingeendelea mpaka masika, mwalimu angesimama mbele ya wenzake na kusema jambo lisilo kweli, na siku moja mtu mwingine angetega chupa zake mahali palepale akapata uchachu. Nikisema, ningekuwa mtu aliyepewa kazi ya kubeba chupa, na chupa zenyewe zikamshinda. Na mama je? Nikimtaja, ningekuwa nimelala kwake na kula kwake halafu nimemfanya yeye kuwa kosa. Nilipitiliza kituo changu mpaka Msamvu, ikabidi nirudi kwa miguu.

Jumatatu nilikuwa mlangoni kwa mwalimu kabla hajafika. Alipofungua nilisema yote kwa pumzi moja: taulo, kigoda, majivu, mchanga. Nilisema kosa ni langu kwa kuziacha barazani bila kumweleza mwenye nyumba ni za nini. Hapo ndipo nilipogundua, nikiwa nasema, kwamba ndiyo kweli. Wiki zote zile nilimweleza mama kila kitu kuhusu mvua, ila sikuwahi kumwambia kwamba chupa haitakiwi kuguswa. Nilidhani inajulikana.

Mwalimu aliketi. Juu ya meza kulikuwa na karatasi za kikao, na nilimwona akiigeuza ile ya juu kifudifudi.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, Dokta."

"Ungeweza kunyamaza."

"Nilijaribu," nilisema. "Tangu Jumamosi."

Alicheka kwa pua, kicheko kifupi cha mtu ambaye hakukipanga. "Kwa hiyo huyo mama ametuoshea utafiti." Kisha akawa mzito tena. Alisema kikaoni atazungumzia mizizi tu, kidogo, na kwa maji atasema bado. Nilipouliza kama nifute majibu ya wiki zile kwenye daftari, alinikatalia kwa mkono.

"Usifute. Piga mstari, andika sababu pembeni. Na mwombe huyo mama akuoshee chupa mbili vilevile alivyokuwa anaosha. Asibadili kitu. Zitege pembeni ya zile safi, tuone majivu yake yalitupeleka mbali kiasi gani."

"Kwa hiyo niendelee?"

"Nani atazibeba, mimi?"

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Lililobaki lilikuwa gumu zaidi, kumwambia mama. Ijumaa ile nilipeleka sukari na majani ya chai, nikijua ataona kwamba nimeleta zawadi ya mtu mwenye jambo. Aliona. Aliviweka kando bila kuvifungua, akaketi.

"Sema sasa. Mjomba wako ametueleza kwamba una kitu kooni."

Mjomba alikuwa mlangoni akichonga mpini wa jembe. Hakujisumbua kujifanya hasikilizi.

Nilianza mbali sana, kwenye moshi wa jiji. Nikazunguka kwenye majani, nikashuka kwenye udongo, nikasema maji huwa machachu, na majivu, unajua, majivu yana tabia ya… Hapo nikakwama. Mama alinitazama, kisha akatazama mkebe wa majivu uliokuwa pembeni ya mafiga.

"Kama magadi kwenye mlenda," alisema. "Yanaua uchachu."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nimekuwa nakutilia magadi kwenye mvua."

Alichukua kifuniko cha mkebe, akaufunika, akakaa na mkono juu yake. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumfariji, mengi, na yote yalionekana ya kijinga mbele ya mkono ule.

"Nimekuharibia kazi," alisema.

"Mimi ndiye sikukwambia. Ulinioshea vyombo kama mwanao, mimi nikakuficha shughuli yenyewe."

"Hukuficha. Unaongea sana, ila unaruka lile lenyewe." Mjomba alicheka huko mlangoni. Mama hakucheka, lakini bega lake lilishuka kidogo. "Na ile mizizi? Nayo nimeiharibu?"

Kila Jumamosi, baada ya kuiosha mizizi kijitoni, niliiacha kwenye beseni palepale barazani nikiwa nakula. Ilikuwa michafu kuliko chupa, yenye udongo uliong'ang'ania. Lakini beseni lile halikuwahi kusogezwa hata kwa inchi moja.

"Mizizi iko salama, mama. Hukuigusa."

"Ningeigusaje? Mizizi aliyochimba mtu mwingine haiguswi. Hujui kaichimbia nini. Pengine ni dawa, pengine ni ya ubaya, ukiigusa unaiharibu au inakuharibu wewe."

"Sisi tulisema anataka kumroga mwalimu wake ampe kazi," mjomba alisema.

"Wewe ulisema. Mimi nilisema mtoto huyu kuroga hawezi, atajiuliza kama uchawi umefika."

Hapo tulicheka sote, mimi zaidi yao, kwa sababu ilikuwa kweli. Na nikiwa nacheka nilielewa kilichokuwa kimetokea. Adabu ya mama iliyomtuma kuosha chupa ndiyo hiyohiyo iliyomzuia kugusa mizizi. Kuosha kulitunyang'anya wiki tano za maji. Kutogusa kulitubakishia kitu pekee tulichokuwa nacho ambacho hakikuwa na doa. Nilipokuwa chuoni nilijifunza namna nyingi za kulinda sampuli. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba mojawapo ni kuiacha kwenye nyumba ya mtu mwenye miiko.

Nilimpa chupa mbili aoshe. Alikataa kwanza, akidhani namwonea huruma, mpaka nilipomweleza kwamba mwalimu mwenyewe ndiye aliyetaka, na kwamba aoshe vilevile kama zamani. Basi akaziosha kwa makini kuliko zote. Zile kumi nyingine, nilizokuja nazo safi, alizifunga kwenye mfuko, akautundika darini, na alipokuja jirani kuazima chupa ya mafuta nilimsikia akisema, "Hizo hazishikwi. Ni za mvua."

Mpaka vuli ilipokwisha tulikuwa na maji ya wiki saba tunazoweza kuziamini. Ya ukingoni yalikuwa machachu, ya ndani kidogo tu, na yale ya chupa mbili za mama yaliegemea upande wa magadi kila wiki, bila kukosea, kama ugunduzi wetu wa zamani. Maji na mizizi vilianza kusema lugha moja. Mwalimu alinionya nisikimbilie kusema ni moshi peke yake. Ukingoni kuna jua zaidi, kuna upepo, kuna mbuzi. Nilimwambia sina tatizo la kukimbilia kusema. Alikubali, na mwezi uliofuata akanisainia mpaka masika.

Jumamosi ya mwisho ya msimu nilirudi kutoka msituni nikaweka beseni barazani kama kawaida. Mama alikuja akasimama juu yake, mikono nyuma.

"Hii umeichimbia nini?" aliuliza.

Alijua. Nilimweleza hata hivyo, kwa maneno machache kuliko nilivyozoea: kwamba nataka kujua kama msitu ulio juu ya nyumba yake bado unaweza kunywa.

"Basi nishajua," alisema, akachuchumaa. "Nionyeshe."

Nilimpa mzizi wa ndani kwanza. Aliuvuta taratibu, ukanyumbuka, akaitikia kwa kichwa kama anayeamkiwa. Kisha nikampa wa ukingoni. Ulikatika kabla hajauvuta. Alitazama vile vipande viwili kwa muda, kimoja kila kidole.

"Huu ni wa juu ya shamba langu."

"Ndiyo, mama."

"Pale tunapochoma."

"Pale, na moshi wa mbali pia. Si ninyi peke yenu."

Alimwita kaka yake aje aone, akampa mizizi miwili mingine, na yeye akaivuta mmoja mmoja. Walizungumza kwa Kiluguru kwa muda, nisielewe zaidi ya neno shamba. Kisha mama akarudisha vipande vyote kwenye beseni, hata vilivyokatika, akakipanga kila kimoja upande nilikokitoa.

Alinyanyuka, akaenda pembeni ya jiko, akafungua mkebe, akachota majivu kidogo, akanawa nayo mikono, mbali na beseni.